Ghorofa ya Bi Pazia: Njia ya Umma Chumbani kwa Mama Mkwe

Hakusogea.

Nyinyi mlionisimamisha njiani wiki nzima mkitaka kujua kama mama mkwe alisogea au hakusogea, jibu lenu ndilo hilo. Hata kidole hakukisogeza. Mkaguzi wa majengo wa halmashauri alikuwa amevuta futi yake kutoka dirisha la mbele mpaka ukuta wa nyuma. Futi ilipita juu ya kitanda, na kitandani alikuwamo mama mkwe mwenyewe, amelala chali, blanketi hadi kidevuni, macho darini.

"Mama, naomba unipishe," mkaguzi alisema. "Hapa ndipo itakapopita njia ya umma."

"Ipite."

"Haiwezi kupita na wewe umelala, mama yangu."

"Huo umma una haraka gani? Ukifika utanikuta. Atakayepita ataniamkia, nami nitaitikia. Lakini kitanda hiki hakitoki. Nimeolewa nacho."

Bi Pazia alikuwa amesimama mlangoni, akajiuma mdomo asicheke. Mara akakumbuka kwamba mambo yakiharibika hapa, atakayelia ni yeye. Maana kilichokuwa kikipimwa pale si kitanda, ilikuwa ghorofa yake.

Kwa aliyejiunga nasi leo, habari ni hii. Bi Pazia ni fundi wa kushona mapazia. Mumewe ni fundi saa, mtu mpole anayejua kila dakika ya siku na hana hata moja aliyowahi kuitumia kusema neno la maana. Na ana mama mkwe. Kwa miaka kumi na moja wanawake hawa wawili wamepika katika jiko moja lenye mlango mmoja na dirisha moja, na kila chungu Bi Pazia anachokitia chumvi huonjwa nyuma ya mgongo wake na kutiwa nyingine.

Ghorofa aliyoiomba ni ndogo: vyumba viwili, baraza na jiko. Ukimwondolea baraza hatakuuliza. Ukimwondolea chumba kimoja atavumilia. Lakini jiko hapana. Jiko ndiyo ghorofa yenyewe, hayo mengine ni mapambo.

Kibali kilitoka, tena kwa mihuri mitatu, ila kilitoka na masharti tisa, na kilikuwa kinaisha siku hiyo hiyo saa tisa alasiri. Masharti yasipotimizwa na kutiwa sahihi kufikia saa hiyo, faili linafungwa, na mwanamke wa watu anarudi mwanzo wa foleni iliyomlia mwaka na miezi minne.

Na alikuwa ameyatimiza, masikini! Bi Pazia amefundishwa ufundi kwa kanuni moja tu: kipimo alichokileta mteja hakibishaniwi. Mteja akitaka pazia liburuzike sakafuni, unashona liburuzike. Sembuse halmashauri. Mkono usioweza kuukata, ubusu.

Sharti la pili lilitaka maegesho ya magari kumi na mawili. Basi akapiga mistari ya chokaa ua mzima, katika nyumba isiyo na hata baiskeli. Sharti la nne lilitaka vyoo sita, vitatu vya wanawake na vitatu vya wanaume, kwa watu wanne. Akavijenga kulia na kushoto mwa nyumba. Sharti la tano lilitaka taa ya kijani yenye maandishi KUTOKEA NJE juu ya mlango. Ikafungwa juu ya mlango wa chumba chao, na kwa wiki tatu sasa fundi saa analala uso umegeuka kijani. Sharti la saba lilisema muziki uzimwe ifikapo saa nne usiku. Hilo walilitii kuliko yote, kwa kuwa redio yao iliharibika miaka miwili nyuma.

Jirani wa ukuta kwa ukuta, anayeitwa Bwana Shangwe, naye alikuwa anajenga. Alijenga ukumbi wa sherehe wa watu mia nne, na Jumamosi hii anaufungua. Alipopita na kuona Bi Pazia akiteseka na vyoo, alicheka mpaka akashika ubavu. "Mimi nimepewa masharti mawili tu," alisema. "Mambo ni kujuana, shemeji."

Kwa Bi Pazia lilikuwa limebaki sharti la tisa: njia ya umma ya waenda kwa miguu, upana mita mbili, kutoka barabara ya mbele mpaka barabara ya nyuma.

"Kwa nini isipite ubavuni mwa nyumba?" Bi Pazia aliuliza.

"Ubavuni kuna vyoo."

"Uani je?"

"Uani kuna magari."

"Magari gani?"

"Mistari yake ipo," mkaguzi alisema, na hakuwa anatania. "Siwezi kupitisha watu juu ya maegesho. Ni hatari." Akachomoa chaki mfukoni. "Njia itaingia sebuleni, ipite humu kwa mama, itokee nyuma. Ukuta huu na ule zinavunjwa. Nakuandikia hapa kwamba umekubali, unatia sahihi, ghorofa unaipata leo leo."

"Labda..." fundi saa alianza.

Wote wakamgeukia.

"Ni saa sita na dakika kumi na nane," akamaliza.

Sasa nisimfichie Bi Pazia aibu yake, maana hata mimi nampenda. Shetani alimpitia. Aliutazama ule ukuta akawaza: ukuta ukivunjwa, mama mkwe hana chumba. Akikosa chumba, atahamia kwa mwanawe mkubwa aliye mbali. Ghorofa itapanda, jiko litajengwa, na huku chini kutakuwa na umma tu unaopita, nao umma hauonji mchuzi. Ilihitaji sahihi moja.

Akamtazama mama mkwe. Kidole gumba cha mguu kilichungulia kwenye blanketi. Kilikuwa kinatetemeka.

"Bwana mkaguzi," akasema, "kunja futi yako. Mama hatoki."

Mama mkwe akageuza jicho moja kutoka darini.

"Unalipoteza jengo," mkaguzi akaonya.

"Sharti hili ameliandika nani?"

"Idara ya mipango."

"Basi twende kwa aliyeliandika, anieleze kwa mdomo wake ghorofa yangu inahusiana nini na njia yake."

Blanketi likaruka. Mama mkwe alikuwa amesimama, kanga imeshafungwa, anatafuta kandambili. "Nami naenda."

"Mama! Saa nzima umesema hutoki!"

"Nilisema kitanda hakitoki."

*

Saa saba na nusu wote wanne, mkaguzi akiwemo, walikuwa wameketi mbele ya mkuu wa idara ya mipango, mama mnene mwenye miwani ya kamba na penseli sikioni. Chumba kilikuwa na makabati manne ya mafaili, feni ya darini iliyokuwa ikilia kama inadai likizo, na karani mmoja kwenye kompyuta aliyejifanya hasikii huku akisikia yote.

"Sharti ni sharti," alisema mkuu bila kuinua uso.

"Sawa mama, sikatai," alisema Bi Pazia. "Nauliza tu. Barabara inahitaji njia kwa sababu watu wameongezeka, au siyo?"

"Ndiyo. Jengo likileta watu, jengo litoe njia."

"Mimi nikimaliza ghorofa yangu, barabarani kutaongezeka miguu mingapi?"

Mkuu akainua uso.

"Tuhesabu," aliendelea Bi Pazia. "Yangu miwili, ya mume wangu miwili, ya mama huyu miwili, ya binti yetu aliye shule miwili. Minane. Sasa hivi tuko chini, ni minane. Tukipanda juu, ni minane. Miguu ni ile ile, mama. Hata ngazi haiizidishi."

Karani akakohoa. Mkuu akatoa penseli sikioni, akaiweka mezani, na sauti yake ikawa ya mtu anayejali kazi yake.

"Nikuambie kitu, mwanangu. Hatukai hapa kutunga masharti ya kukomoa watu. Sharti lazima lizaliwe na jengo lenyewe. Jengo likileta magari, tunataka maegesho. Likimwaga maji kwa jirani, tunataka mfereji. Na lisizidi kile jengo linacholeta. Siwezi kumwambia mtu wa kibanda anijengee daraja kwa kuwa tu nahitaji daraja. Huo ni unyang'anyi wenye muhuri. Lete kibali."

Akasoma ukurasa wa kwanza. "Vyumba viwili, baraza, jiko." Akafunua wa pili, na kadiri alivyosoma miwani ikazidi kuteremka. "Maegesho kumi na mawili... vyoo sita... muziki..." Akainua uso. "Nyinyi mnapiga muziki?"

"Redio iliharibika," alisema fundi saa.

"Lakini karatasi ni yetu," mkuu akasema, akiigeuza. "Sahihi ni yangu. Nami siwezi kufuta sharti kwa kuwa limenishangaza. Nionyesheni kwamba si lenu."

Hapo ndipo ufundi ulipofaa. Maana ukurasa ule wa masharti haukuwa na jina wala namba ya kiwanja. Ofisi ile huchapa masharti kwenye karatasi yake peke yake, kisha huibana kwenye kibali kwa pini, kwa sababu stepla yao ilikufa na barua ya kuomba nyingine inasubiri muhuri. Mwanasheria angekwama pale. Lakini mtu aliyeishi na pini mdomoni kwa miaka ishirini hakwami mbele ya pini.

"Nipe hapa, mama." Bi Pazia akachomoa pini, akainua karatasi mbili kwenye mwanga wa dirisha. "Tazama pembe hii. Kila karatasi ina matundu manne. Pini huingia na kutoka, kwa hiyo mara moja ni matundu mawili. Hizi zimebanwa mara mbili kila moja."

"Na kwa hiyo?"

"Matundu mawili ya juu yanalingana. Ya chini hayalingani hata kidogo. Ya ukurasa wa kwanza yamelala, ya ukurasa wa pili yamesimama. Maana yake leo zimebanwa pamoja, lakini mara ya kwanza kila moja ilikuwa na mwenzake mwingine." Akaziweka mezani. "Hii ni ndoa ya pili, mama. Hawa kila mmoja aliachika kwingine."

Mama mkwe akapiga kofi la paja. "Mkwe wangu huyo!" alimwambia mkaguzi, kana kwamba yeye ndiye aliyemfundisha.

Macho yote yakaenda kwa karani. Karani alikuwa amejikunyata kitini.

"Nilivichomoa vibali vyote nikavitolea kopi," alisema. "Nilirudi na kopi nikakuta feni imevipeperusha. Vilikuwa viwili tu mezani siku ile. Nikabana kama nilivyokumbuka."

"Cha pili kilikuwa cha nani?"

Karani hakuhitaji kujibu. Bi Pazia alishafumba macho. Ukumbi wa watu mia nne. Muziki. Taa za kutokea. Vyoo sita.

"Mpigieni Bwana Shangwe simu," alisema.

*

Bwana Shangwe alifika saa nane kasoro dakika tano, suti nyeupe, furaha tele, akidhani ameitwa kukabidhiwa cheti cha kufungua ukumbi. Alileta kadi za mwaliko. Alimgawia hata mkaguzi.

"Ndugu," alisema mkuu, "una vyoo vingapi?"

"Vyoo? Sikuambiwa nijenge vyoo."

"Watu mia nne wakinywa soda Jumamosi, wataenda wapi?"

Bwana Shangwe akafikiri. Ilionekana wazi kwamba ni mara yake ya kwanza kulifikiria jambo hilo.

Kibali chake kikatolewa. Karatasi zikainuliwa dirishani na matundu yakasomwa. Ukurasa wa kwanza wa Bwana Shangwe na masharti tisa ya Bi Pazia vililingana tundu kwa tundu, wakaungana kama wapenzi waliokutana stendi. Bi Pazia akapumua. Ghorofa yake ilikuwa imerudi.

"Sasa tusikie masharti yako halisi," mkuu alimwambia Bi Pazia, akiwa amechangamka. "La kwanza, mfereji wa kukinga maji ya paa. Rahisi. La pili..." Akasoma kimya. Akasoma tena. "Mti wa kivuli uliopo uani usikatwe."

Bi Pazia akamtazama mumewe.

"Mti upo?" mkuu aliuliza.

"Ulikuwepo," alisema mkaguzi.

"Mmeukata?"

"Ulisimama kwenye gari la saba," alijibu Bi Pazia. Mwezi mmoja tu uliopita alishika msumeno upande mmoja na mumewe upande wa pili, wakaangusha mti mzima ili mistari ya chokaa inyooke. Alikuwa ametii sharti lisilo lake mpaka akavunja lililo lake. Nani angemlaumu kwa kulia pale pale? Na machozi yalikuwa njiani.

"Samahani," Bwana Shangwe akaingilia, "hilo la mti mimi ndilo lililonisumbua sana."

"Lilikusumbuaje? Kwako hakuna mti."

"Ndiyo shida yenyewe! Karatasi inasema mti uliopo usikatwe. Mimi sina mti. Nikaogopa nitaonekana nimeukata. Nikanunua mti mkubwa, ukaletwa na lori, nikaupanda katikati ya ua." Akainua mikono kwa majivuno. "Na sijaukata."

Mkuu alivua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyochafuka. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Mkaguzi aligeukia ukuta. Mama mkwe hakujificha, alicheka mpaka kanga ikamlegea.

Mapatano yakaandikwa hapo hapo kwa penseli, kisha kwa kalamu, na mkuu akakubali yahesabike kuwa masharti yametimizwa. Mti wa Bwana Shangwe ungeng'olewa jioni hiyo na kupandwa kwa Bi Pazia, palepale penye gari la saba. Ukuta wa kati ungetobolewa mlango, na wageni wa ukumbi wangetumia vile vyoo sita na yale maegesho mpaka Bwana Shangwe ajenge vyake. Njia ya umma ingepita kwenye kiwanja chake yeye, anayeleta umma. Na taa ya kijani angeichukua Jumamosi asubuhi.

"Ichukue leo," alisema fundi saa.

*

Saa nane na dakika arobaini na moja, mkuu alisogeza karatasi mpya mbele yao. "Imebaki sahihi ya mwenye kiwanja. Nani kati yenu?"

Mama mkwe akasimama taratibu. Alijifunga kanga upya, akanyoosha mkono kama anayepokea fimbo ya enzi. "Kalamu."

Bi Pazia alisahau kupumua. Miaka kumi na moja, ugomvi wowote ukipamba moto, mama mkwe huumaliza kwa maneno yale yale: kiwanja ni changu.

"Lakini nami nina sharti," alisema mama mkwe. "Moja tu, si tisa. Huko juu kusiwe na jiko."

"Mama!"

"Vyumba jenga. Baraza jenga, ukae upunge upepo. Jiko lipo chini, linatosha."

"Mama," mkuu alimuuliza, "na sharti hilo limezaliwa na nini katika jengo?"

"Limezaliwa na mimi."

Mkuu hakubishana. Alifungua faili kwa nyuma, ilipo hati, ili alinganishe jina. Kidole chake kikateremka, kikasimama. Akamtazama mama mkwe juu ya miwani.

"Mama yangu, wewe si mwenye kiwanja."

"Unasemaje?"

"Kiliandikishwa upya miaka sita iliyopita." Akaelekeza penseli kwa Bi Pazia. "Mwenye kiwanja ni huyu."

Bi Pazia alitazama nyuma yake kuona ni nani aliyeingia. Hakukuwa na mtu. Mama mkwe alikuwa anasoma kalenda ya ukutani kwa bidii kubwa.

"Wewe ulijua?" Bi Pazia alimgeukia mumewe.

"Nilijua. Nilimpeleka ofisi ya ardhi mimi. Hata fomu ya mwenye kiwanja kwenye ombi la ghorofa niliijaza mimi."

"Na hukusema miaka sita!"

"Mama alisema nisiseme."

Mama mkwe akaketi. Alipoongea hakumtazama mtu. "Mwaka ule nilipovunjika mguu. Wanangu watatu walituma salamu. Huyu wa saa alikuwa ananiambia ni saa ngapi. Wewe ulinibeba mpaka bafuni miezi mitatu. Ulinibeba umenuna, lakini ulinibeba. Nikasema kiwanja hiki nampa mwenye mgongo."

"Sasa mbona kila siku unaniambia ni chako?"

"Ningekwambia ni chako, ningeionja chumvi kwa idhini ya nani?" Akavuta pua. "Ukipata jiko lako huko juu, mimi nitapika nani anione? Nitagombana na sufuria? Sitaki kupika peke yangu, basi. Nimesema."

Bi Pazia alilia. Sikufichi, mkaguzi naye alitafuta leso. Miaka kumi na moja aliamini anavumiliwa katika nyumba ya mtu, kumbe miaka sita kati ya hiyo alikuwa mwenye nyumba anayeombwa ruhusa kwa matusi. Alitaka kumkumbatia mama yule pale pale mbele ya mafaili.

"Saa nane na dakika hamsini na sita," alisema fundi saa kwa upole.

Mkuu akaielekeza penseli kwenye ramani, kwenye kile kijumba kidogo kilichoandikwa jiko. "Libaki au nilifute? Mwenye kiwanja aseme. Nina dakika nne."

Bi Pazia alimtazama mama mkwe. Hajawahi kumpenda kama alivyompenda dakika ile. Halafu akaitazama ramani. Na jiko bado alilitaka, Mungu amsamehe, alilitaka vile vile.

"Libaki," akasema, akatia sahihi.

Muhuri ukalia. Ghorofa ilikuwa yake.

Waliteremka ngazi za halmashauri, Bi Pazia na kibali kifuani, mama mkwe mbele kidogo, fundi saa nyuma ya wote. Kwenye ngazi ya mwisho mama mkwe akasimama.

"Hilo jiko lako la juu. Lina madirisha mangapi?"

"Mawili, mama."

"Yanaangalia wapi?"

"Barabarani."

"Upepo?"

"Upo."

Mama mkwe akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa bei nzuri sokoni. "Basi nahamia juu."

"Juu wapi?"

"Kwenye jiko lenye madirisha mawili. Unadhani nitabaki chini kwenye moshi, nami nina mkwe mwenye ghorofa? Lile la chini nakuachia. Ulitaka jiko lako peke yako, si ndiyo? Unalo."

"Na ngazi, mama? Na mguu wako?"

"Utanibeba."

Bi Pazia alifungua mdomo. Hakujua kama kilichokuwa kinakuja ni kicheko au ukelele. Lakini kabla hakijatoka, jambo likatokea ambalo mtaa mzima haukuwahi kulisikia. Fundi saa alikohoa, akapita mbele, na akauliza jambo, tena lisilokuwa na saa ndani yake.

"Mimi nina swali," alisema. "Kukiwa na jiko juu na jiko chini, na yote yakapakua wakati mmoja... mimi nitakula wapi?"

Wanawake wawili wakageuka. Wakamtazama kuanzia viatu mpaka kofia. Na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja, mke na mama mkwe walisema neno moja, kwa pamoja, bila hata kutazamana.

"Chagua."